Nyundo Iliyowekwa Bomani

Jumanne, tarehe 9 Agosti 1938, baba yangu alifariki nyumbani kwetu Bisibo, na kabla jua halijatua tukagundua kwamba nyundo yake haipo.

Nayaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyotufikia. Asubuhi baba alikuwa akikohoa, mchana akanyamaza. Mama alimfumba macho, akaenda jikoni, akamwaga mtungi wa maji juu ya moto. Mvuke ulipoisha akaniita.

"Nenda kibandani, mwanangu. Niletee nyundo ya baba yako."

Baba alikuwa mhunzi. Kibanda chake cha kufulia chuma kilikuwa nyuma ya migomba, na mwanamke hakuruhusiwa kuingia humo. Mama aliishi na mhunzi tangu usichana wake na hakuwahi kukanyaga ndani. Nikaingia mimi. Mivukuto ilikuwepo, koleo zilikuwepo, jiwe la kufulia lilikuwa mahali pake. Juu ya boriti ilining'inia ile ngozi ya mbuzi ambamo nyundo ililala kila siku tangu nipate akili. Nikaishusha, ikaja nyepesi mkononi. Hapakuwa na kitu ndani.

Nyundo ile haikuwa na mpini kama nyundo za dukani. Ilikuwa kipande kizima cha chuma, kirefu kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidoleni, kinene upande mmoja, na mhunzi alikishika kwa ngumi. Baba aliipokea kwa babu, na babu aliipokea kwa babaye. Upande wa kushikia palikuwa na shimo dogo lililochimbwa na vidole gumba vya watu hao, mmoja baada ya mwingine.

Katika ukoo wetu mhunzi akifa, moto wa nyumba yake huzimwa. Mjane huketi chini, hanyoi nywele, hali chumvi, hashiki jembe, haingii nyumba ya mtu. Majirani humletea chakula. Hukaa hivyo mpaka mwana wa marehemu aipokee nyundo na kuigonga juu ya chuma. Haidhuru kama mwana huyo hajui uhunzi. Kinachotakiwa ni mjane aisikie ikilia. Akishaisikia hunyolewa, huomba moto kwa jamaa, na maisha huendelea. Kwa kawaida jambo hili lilimalizika siku ya nne. Kwetu siku ya nne ilipita, na ya nane, na mwezi ukafa, mama bado yuko chini.

Tulitafuta kila mahali. Tulichimba sakafu ya kibanda. Tulipekua ghala la mtama. Mwishoni, kama watu wanavyofanya wakikosa kitu, tukaanza kumtafuta mtu. Baba mdogo alikuwa na deni la maneno na baba kuhusu mpaka wa shamba, na mama akaamua kwamba ni yeye.

"Shemeji," baba mdogo alimwambia mbele ya watu, "ingia mwenyewe ukatazame."

"Unajua siwezi kuingia nyumba ya mtu."

"Basi mtume mwanao."

Mama akanituma. Nililala kifudifudi nikatazama chini ya kitanda cha baba yangu mdogo, huku mkewe amesimama mlangoni ameshika mdomo. Nilikuta kiatu kimoja na panya. Nilipotoka, baba mdogo aliniuliza kama panya nimemwacha au nimemchukua. Watu walicheka, yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakuja tena kwetu.

Padre alipopita alimwambia mama kwamba Mungu haangalii nyundo, na kwamba anaweza kunyoa na kulima bila dhambi. Mama, ambaye ni Mhangaza na amebatizwa tangu ujana wake, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimeelewa, Padre," akasema. "Lakini Padre hakuwa mke wa mhunzi."

Mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa. Kila nyumba ilikuwa ikilima. Shamba la mama lilisimama na mabua ya mwaka uliopita. Mvua ikinyesha naye yuko chini, mwaka mzima ungekuwa wa kuomba maharage kwa watu. Wenzangu walinishauri nimlimie. Nililima kipande. Lakini mbegu za maharage alizihifadhi yeye, na hakutaka zitoke ndani ya nyumba isiyo na moto. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi ambazo sikujua kama anazo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwenye kibarua changu mjini Biharamulo. Nilisoma kwa mapadre mpaka darasa la nne, nikajua kusoma na kuandika, lakini kazi niliyopata ilikuwa kupaka chokaa kuta za boma, lile boma jeupe walilolijenga Wajerumani na ambalo sasa Mwingereza alikaa humo. Tulianza upande wa mashariki tukawa tunazunguka taratibu. Jumamosi mchana tuliachiwa, na kila Jumamosi nilikuwa nakwenda nyumbani kwa miguu, nafika usiku.

Jumamosi moja sikwenda. Nasema kweli, nilichoka kumtazama mama. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nilioupaka mwenyewe, sina la kufanya, nikaona wanawake watatu wa mjini wanaingia mlango wa pembeni huku wanacheka. Nikakumbuka kwamba Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa boma, alikuwa amekusanya vitu vya zamani katika chumba kimoja, na kwamba Jumamosi alasiri chumba kilifunguliwa watu watazame bure. Nilikuwa nimepaka ukuta wa nje wa chumba hicho siku kadhaa bila kuwa na hamu ya kujua kilichomo ndani.

Mlangoni aliketi mzee tarishi, mtu wa familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, amevaa kofia safi na kanzu iliyopauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Onyesha mikono."

Nikaonyesha.

"Chokaa! Kanawe kwanza. Humu ndani hakuguswi kitu, lakini najua mtagusa, basi mguse kwa mikono safi."

Nilinawa pipani nikarudi. Ndani palikuwa na meza ndefu zilizotandikwa kaniki. Juu yake palikuwa na mikuki, ngao, nguo ya gome la mti, ngoma iliyopasuka, vyombo vya mti vya kukamulia maziwa, majembe ya zamani na vyungu. Mbele ya kila kitu palisimama kikaratasi kilichoandikwa jina la kitu hicho. Wale wanawake walikuwa wamezunguka chungu kimoja.

"Hiki si kama kile cha bibi yetu?"

"Ndicho hasa! Hata weusi wa maharage umo."

"Masikini bibi, kumbe alikuwa akipikia kitu cha makumbusho, na sisi tunamwambia kimechakaa atupe."

"Nyie wanawake," tarishi aliita kutoka mlangoni, "chungu kinatazamwa kwa macho."

"Baba, kwani sisi tunakitazama kwa nini, kwa visigino?"

Nilicheka nao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi, na nilipogeuka kuficha aibu ya kucheka kwangu, nikaiona nyundo.

Ililala peke yake mwisho wa meza. Sikuhitaji kusoma kikaratasi. Niliinama nikaona lile shimo la kidole gumba. Nilisahau maneno ya tarishi, nikaweka kidole changu. Kidole hakikuingia vizuri. Baba alikuwa na mkono mdogo kuliko wangu. Jambo hilo sikulijua alipokuwa hai.

Tarishi alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Nimesema nini mimi?"

"Mzee, hii ni ya baba yangu."

Alinitazama usoni muda, halafu akatazama kidole changu kilichokuwa bado kwenye chuma.

"Mzee mfupi? Anakohoa?"

"Alifariki mwezi wa nane."

Akasema maneno ya dini yao ya kumwombea marehemu, akanivuta tukakae kwenye benchi la mlangoni. Wale wanawake wakatoka mmoja mmoja. Mmoja wao aliniambia pole, mwanangu, ingawa hakunizidi umri sana.

"Nilishangaa haonekani," tarishi alisema. "Aliileta mwenyewe mwaka jana, siku ya soko, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Akaomba kumwona Bwana Shauri. Wakapeana mikono. Basi baada ya hapo kila akija mjini lazima apite hapa. Haingii na kutazama vitu vingine, hapana. Anasimama pale pale. Kisha ananiuliza, 'Hajambo?' Namjibu, 'Hajambo.' Ananiuliza, 'Anakula?' Mimi nafikiri mzee ana mzaha, nasema, 'Anakula, anashiba.' Siku moja aliniletea asali. Nikamwambia, 'Mzee, ya nini?' Akasema, 'Ya mtunzaji.'"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nililia mbele ya mzee yule bila kujizuia.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Humpelekea rafiki mmoja hapa, mwingine kule, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Rafiki hutunza, hunywa maziwa, hutumia samadi. Mwenye ng'ombe huja mara kwa mara kumtazama mnyama wake, naye huleta kitu kidogo cha kumshukuru mtunzaji. Hakuna anayesema kwamba ng'ombe huyo sasa ni wa mtunzaji. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja namna hiyo kwa rafiki yake upande wa Ngara. Na miaka miwili kabla ya kufa kwake, radi ilipiga nyumba yetu, ikaungua yote, na kibanda kiliponea chupuchupu. Nadhani aliposikia kwamba Bwana Shauri anatunza vitu vya zamani katika nyumba ya kuta nene isiyoungua, aliona amepata pa kuiweka. Nasema nadhani, kwa sababu hakumwambia mtu. Labda alitaka kutuambia, kikohozi kikamwahi. Kikohozi hichohicho kilikuwa kimemzuia kufua mwaka mzima, ndiyo maana hakuna aliyeshangaa kibanda kukaa kimya. Wateja wake wengi walikuwa wameshaanza kununua majembe ya dukani, na yeye na nyundo walikuwa hawana kazi nyingi. Pengine hilo nalo alitaka kulificha.

"Mzee," nikamwambia tarishi, "naomba niichukue. Mama anaisubiri."

"Mwanangu, kitu kikishaingia humu hakivuki kizingiti. Hiyo ndiyo amri niliyopewa. Mwenye kuibadilisha hukaa mle ndani, ila leo amekwenda kuwinda kanga."

Jumatatu, kabla ya kuanza kazi, Bwana Shauri alinikubalia nimwone. Alikuwa mtu mrefu, si mkali, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watu wengi wa kwetu. Nilimweleza yote nimesimama, kofia mkononi. Hakunikatiza.

"Lakini baba yako alinipa," akasema nilipomaliza. "Nakumbuka. Nilimshukuru."

"Bwana, hata mtu anayeletewa ng'ombe wa kutunza hushukuru. Anapata maziwa."

"Na nyundo ina maziwa gani?"

"Labda watu wanaokuja kuitazama, Bwana."

Aliinuka akaenda dirishani. Kisha akasema kwamba ananisikitikia, tena anadhani ninasema kweli. Lakini akinipa nyundo leo, kesho atakuja mwenye ngoma, keshokutwa wenye mikuki, na chumba kitabaki na meza. Hakusema kwa dharau. Nilitazama uso wake nikaona kwamba alikuwa akivipenda vitu vile.

"Mama yako anahitaji nini hasa?" akauliza. "Kuwa nayo, au kuisikia?"

"Kuisikia, Bwana."

"Basi mlete. Siku yoyote. Mwambie tarishi nimeruhusu."

Usiku huohuo nilikwenda Bisibo. Nilimkuta mama ameketi gizani kwenye majani yake. Nilipomwambia nyundo iko wapi na nani aliyeipeleka, aliniuliza swali moja tu.

"Na shemeji yangu nilimtafuta chini ya kitanda?"

"Ndiyo, mama."

"Ee Mungu wangu," akasema, akajifunika uso kwa khanga.

Tulitoka kabla ya kupambazuka. Mama alikuwa na fimbo na kifurushi, na kila tulipokutana na watu alishuka kando ya njia, kwa kuwa aliye msibani hapiti katikati ya wenzake. Kwa ajili hiyo safari ilikuwa ndefu. Tulifika bomani jua likiwa kichwani.

Tarishi alisimama kumpokea. "Karibu, mama. Pole sana kwa msiba. Ingia."

Mama hakuinua mguu. Nikakumbuka. Nilikuwa nimefikiria Bwana Shauri, nimefikiria nyundo, nikasahau kwamba mama haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu, sembuse boma.

"Yeye hawezi kuingia," nikasema.

"Na nyundo haiwezi kutoka," tarishi akasema.

Tulisimama pale watu watatu tunatazama mlango. Nilijiona kama nitachekwa na dunia nzima.

"Ameruhusu aisikie," tarishi alisema polepole, kama mtu anayesoma sheria kichwani. "Hakuniambia itoke. Sasa, mama, wewe kwenu kizingiti kinahesabiwa ni ndani au ni nje?"

Nilimfasiria, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu. Mama akafikiri.

"Mwambie kizingiti ni kizingiti," akasema. "Si ndani wala nje."

"Basi tumepatana," tarishi akasema, akaingia kuileta.

Mama aliketi chini kwenye changarawe, hatua chache kutoka mlangoni, akafungua kifurushi. Alikuwa amekuja na jembe lake, lililoviringishwa kwenye nguo ili mkono wake usiliguse, lile ambalo baba alimfulia walipooana, limelika mpaka limebaki kama kiganja. Nililaza jembe juu ya kizingiti cha jiwe. Tarishi alinipa nyundo kwa mikono miwili, yeye akiwa ndani, mimi nimepiga magoti mlangoni. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikainua, nikagonga.

Haikulia. Ilitoa sauti kama mtu aliyepigwa mgongoni.

"Hiyo sijaisikia," mama akasema.

"Umelibana jembe juu ya jiwe, fundi chokaa," tarishi alininong'oneza. "Kengele haishikwi tumbo ikalia. Linyanyue kidogo."

Nilichomeka kijiti chini ya jembe likakaa limeinuka upande mmoja. Nikashika nyundo upya, nikaweka kidole gumba pale walipoweka wao, hata kama hakikuenea. Nikagonga.

Ililia. Sauti ilitoka nyembamba, ikaenda mbali, ikapita kwenye ukuta nilioupaka. Ndiyo sauti niliyokuwa nikiamshwa nayo utotoni kila asubuhi, na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ni sauti ya mtu fulani.

"Ndiye," mama akasema. Alilia kidogo, bila kelele, huku ameshika fimbo yake. Tarishi aligeukia ndani, akawa anapanga mikuki iliyokwisha kupangwa.

Sikujua kama mama ataidai nyundo. Nilikuwa tayari kubishana kwa niaba yake. Alijifuta macho, akasimama, akanitaka nimwulize tarishi kama anaipaka mafuta.

"Mafuta?" tarishi akashangaa. "Sijaambiwa."

"Mwambie mvua inakuja. Chuma kikikaa bila kazi wakati wa mvua kinaota kutu. Aipake samli, kidogo tu, kwa kitambaa. Nitaileta samli mwenyewe."

"Nimesikia, mama," tarishi akasema. "Nitaipaka."

"Na mwambie nitakuja kuitazama."

"Karibu sana. Alikuwa akija mzee, sasa utakuja wewe. Lakini utaingia ndani, siyo?"

"Nitaingia," mama akajibu kwa Kiswahili mwenyewe, bila kunisubiri.

Njiani kurudi hakushuka kando hata mara moja. Tulipokutana na watu aliwasalimu kwa mkono. Tuliingia Bisibo giza linaanza, na badala ya kukata njia ya kwetu akaendelea moja kwa moja mpaka kwa baba mdogo. Alisimama uani. Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi na mkewe.

"Shemeji," akasema bila kuinuka, "mara ya mwisho mlitafuta chini ya kitanda. Leo mmekuja kutazama darini?"

"Imepatikana," mama akasema. "Ndugu yako aliiweka bomani. Mimi nilikukosea."

Baba mdogo aliendelea kumenya ile ndizi mpaka ganda la mwisho.

"Bomani?" akasema. "Aliiweka kwa Mzungu kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

Alianza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabega yote, mpaka akalazimika kuweka kisu chini. Tulipomtazama vizuri alikuwa analia. Mkewe aliingia ndani akatoka na wembe na maji ya vuguvugu, akamketisha mama juu ya kigoda, si chini, akamnyoa hapo hapo uani kwa mwanga wa moto wa jikoni. Mama alikuwa na kichwa kidogo. Alijipapasa kama asiyekiamini.

"Na sasa unataka nini kingine?" baba mdogo akauliza.

"Nimekuja kuomba moto."

Akamchagulia kaa yeye mwenyewe, kubwa, la mti mgumu, akaliweka kwenye kigae. Mama alilibeba akilikinga upepo kwa khanga, mimi nimetangulia kumwonyesha njia. Tulipofika lilikuwa bado jekundu. Aliliweka kati ya mafiga, akalipuliza, akaongeza nyasi, akaongeza vijiti. Akainjika chungu. Mbegu za maharage alizigawa mafungu mawili. Moja akaliweka kwenye kikapu karibu na jembe lake kwa ajili ya asubuhi, na la pili akalimwaga chunguni.

Tulikula tumechelewa sana na maharage yalikuwa hayajaiva vizuri. Mama alionja, akasema chumvi haitoshi, akaongeza.